Pat Buchanan na Kampeni Zake Tatu za Urais wa Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Patrick J. Buchanan aliwania urais wa Marekani mwaka 1992, 1996 na 2000, bila kuwahi kuchaguliwa hata kuwa diwani. Wengi wanamkumbuka kwa ukali wa maneno yake. Lakini maswali yanayorudi kila msimu wa uchaguzi yanahusu jambo jingine: ilikuwaje mtu wa kalamu na televisheni akafika mbali vile, na ni kitu gani hasa kilimwangusha kila mara? Majibu yafuatayo yanakaa zaidi kwenye kalenda, wajumbe, fedha na karatasi za kura, kwa sababu huko ndiko mambo yalikoamuliwa.

Kabla ya kugombea alikuwa nani?

Alizaliwa Washington mwaka 1938 katika familia ya Kikatoliki, akasoma Chuo Kikuu cha Georgetown, kisha uandishi wa habari Columbia. Akaanza kazi kama mwandishi wa tahariri wa gazeti moja la St. Louis. Mwaka 1966 akajiunga na Richard Nixon, akamwandikia hotuba hadi Ikulu. Miaka ya 1985 hadi 1987 alikuwa mkurugenzi wa mawasiliano wa Rais Ronald Reagan.

Katikati ya kazi hizo za serikali, mkate wake ulitoka kwenye uchambuzi: makala zilizochapishwa na magazeti mengi kwa wakati mmoja, na kuanzia 1982 kipindi cha mabishano cha Crossfire kwenye CNN, ambamo mhafidhina mmoja na mliberali mmoja walikabiliana kila jioni. Kipindi hicho ndicho kilichompa sura na sauti ndani ya nyumba za watu. Mgombea wa kawaida hutumia mamilioni ya dola ili jina lake lijulikane tu. Yeye aliingia ulingoni akiwa anajulikana tayari.

Mchambuzi anaweza kuendelea na kipindi chake huku akigombea?

Kwa kawaida hapana. Sheria ya mawasiliano ya Marekani, kifungu cha 315, inasema kituo kikimpa mgombea mmoja nafasi hewani, lazima kiwape wapinzani wake nafasi sawa wakiidai. Habari halisi, mahojiano ya habari na midahalo vimesamehewa. Kuendesha kipindi chako mwenyewe hakumo katika msamaha huo. Kwa hiyo vituo humwondoa mtangazaji mara anapotangaza nia, na wengine humwondoa hata kabla.

Ndiyo maana maisha ya Buchanan kwenye Crossfire yana mapengo: aliondoka 1991, akarudi 1993, akaondoka 1995, akarudi 1997, akaondoka tena 1999. Kila pengo ni kampeni moja. Gharama yake ni mbili. Ya kwanza ni mshahara. Ya pili ni nzito zaidi: mtu aliyeandika makala mbili tatu kwa wiki kwa miaka mingi ameacha maelfu ya sentensi zenye jina lake, na wapinzani wana wafanyakazi ambao kazi yao ni kuzisoma zote. Seneta anaweza kusema alipiga kura fulani kwa sababu ya maelewano bungeni. Mwandishi hana pa kujificha, kwa kuwa neno ni lake peke yake.

Kwa nini mwaka 1992 alimpinga rais wa chama chake mwenyewe?

Sababu kubwa ilikuwa kodi. George H. W. Bush alikuwa ameahidi mwaka 1988, kwa maneno yaliyokaririwa nchi nzima, kwamba hataongeza kodi. Mwaka 1990 akakubali bajeti iliyoongeza kodi. Buchanan alikuwa pia amepinga vita ya Ghuba ya 1990–91, na alikuwa ameanza kuachana na imani ya biashara huria iliyotawala chama cha Republican tangu enzi ya Reagan. Juu ya hayo kulikuwa na mdororo wa uchumi, na New Hampshire iliumia kuliko majimbo mengi.

Alitangaza nia tarehe 10 Desemba 1991 mjini Concord, makao makuu ya New Hampshire, wiki kumi tu kabla ya kura. Katika wiki hizo alifika kwenye kiwanda cha karatasi cha James River huko Groveton, kaskazini kabisa mwa jimbo, ambako wafanyakazi walikuwa wakihofia ajira zao. Ziara hiyo alikuja kuisimulia tena na tena. Ukisoma hotuba zake za kabla na za baada ya Groveton utaona mhafidhina wa kupunguza kodi akigeuka taratibu kuwa mtetezi wa viwanda na ushuru wa forodha.

New Hampshire ina nini hata jimbo dogo namna ile liwe na uzito?

Wajumbe wake, yaani wale wanaokwenda mkutano mkuu wa chama kumteua mgombea, ni wachache mno. Uzito wake ni kuwa la kwanza kupiga kura za mchujo, yaani zile kura za ndani za kupata mgombea, ambazo Watanzania huziita kura za maoni. Mambo manne yanamfaa mgombea asiye na fedha:

Ada ya kuingia kwenye karatasi ya kura ni dola 1,000, basi. Majimbo mengine hudai maelfu ya saini.

Jimbo ni dogo, hivyo gari moja na watu wachache wanaweza kulizunguka.

Mpigakura aliyejiandikisha bila chama anaweza kuchagua siku hiyo hiyo mchujo wa chama gani apige. Wenye hasira na serikali, hata kama si Warepublican, wana mlango wa kuingilia.

Na gazeti kubwa la jimbo, Union Leader la Manchester, lina sauti kwa wahafidhina. Lilimuunga mkono Buchanan mwaka 1992 na tena 1996.

Tarehe 18 Februari 1992 Bush alipata asilimia 53 na Buchanan asilimia 37. Kwa hesabu, Buchanan alishindwa. Lakini katika mchujo rais aliyepo madarakani hupimwa kwa kulinganishwa na matarajio, na rais anayenyimwa karibu nusu ya kura za wanachama wake anaonekana mgonjwa.

Alipata karibu robo ya kura zote za mchujo 1992 bila kushinda jimbo hata moja. Inawezekanaje?

Kura zake zilitawanyika. Alipata takribani milioni 2.9, asilimia 23 hivi, zikiwa zimesambaa nchi nzima badala ya kurundikana mahali pamoja. Georgia ilimpa zaidi ya theluthi, na mahali pengine pengi alipata robo au chini yake. Ukishindwa 64 kwa 36 kila mahali, una wapigakura wengi na ushindi sifuri.

Kosa la pili lilikuwa la tarehe. Aliyetangaza nia Desemba amekwisha kuchelewa katika baadhi ya majimbo, kwa sababu makataa ya kuwasilisha saini na orodha za wajumbe hufungwa mapema sana. New York, ambayo masharti yake ya saini yalikuwa magumu kupindukia, jina lake halikuwamo kwenye karatasi kabisa. Mgombea anayetaka kushindana nchi nzima anahitaji mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu: kujua kila jimbo linataka saini ngapi, za nani, kwa fomu ipi, na mwisho lini. Kazi hiyo inapaswa kuanza mwaka mzima kabla. Hakuna hotuba inayoweza kufidia makataa yaliyopita.

Hotuba ya Houston ilimponza Bush?

Mkutano mkuu wa Republican ulifanyika Houston, na Buchanan alihutubia usiku wa kwanza, tarehe 17 Agosti 1992. Alimuunga mkono Bush, kisha akasema nchi imo katika vita ya utamaduni, vita ya kidini ya kugombea roho ya Amerika. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Hotuba ilivuta muda hata Reagan, aliyefuata, akasukumwa nje ya saa zenye watazamaji wengi mashariki mwa nchi.

Bush aliishia na asilimia 37 mwezi Novemba, Bill Clinton wa Democratic 43, mgombea binafsi Ross Perot karibu 19. Kusema hotuba moja iliangusha urais ni kuikuza mno. Uchumi ulikuwa mbaya, ahadi ya kodi ilikuwa imevunjwa, na Perot alikuwa amezoa theluthi ya waliochoka. Ila hotuba ile ilimfunga Buchanan mwenyewe. Tangu usiku ule viongozi wa chama walimwona kama mtu wa kuzuiwa asikaribie kipaza sauti, na mwaka 1996 pale San Diego hakupewa nafasi ya kuhutubia mkutano mkuu ingawa alikuwa ameshika nafasi ya pili.

Alipata wapi fedha? Hakuwa tajiri.

Hapa ndipo penye siri ya kampeni zote mbili za Republican, na panastahili kuelezwa kwa kina. Tangu miaka ya 1970 serikali ya Marekani ilikuwa na ruzuku ya mchujo: mgombea akichangiwa na mwananchi, hazina inaongeza kiasi kile kile, lakini kwa dola 250 za kwanza tu za kila mchangiaji. Utaratibu ulikwenda hivi:

Kwanza, kuthibitisha kwamba una watu. Ukusanye zaidi ya dola 5,000 katika kila jimbo, kwa majimbo 20, na katika hesabu hiyo kila mchangiaji anahesabiwa hadi dola 250 tu. Kiwango cha chini cha kuanzia ni kama dola 100,000, ila ziwe zimetoka sehemu nyingi.

Pili, kila mchango uwe na maandishi: hundi au hawala ya posta yenye jina na saini. Fedha taslimu hazikulinganishwa. Kadi za benki ziliruhusiwa baadaye, kwa uchaguzi wa 2000.

Tatu, ukubali kikomo cha matumizi, cha nchi nzima na cha kila jimbo, na ukubali kukaguliwa. Wakaguzi wakikuta matumizi yasiyo ya kampeni, unarudisha fedha.

Nne, hundi za serikali hazitoki kabla ya tarehe 1 Januari ya mwaka wa uchaguzi. Kampeni nyingi hukopa benki mwaka uliotangulia kwa dhamana ya ruzuku inayokuja. Anayekopa sana kisha akafanya vibaya mwanzoni hubaki na deni.

Tano, ukipata chini ya asilimia 10 katika michujo miwili mfululizo, ruzuku inakatika baada ya siku 30. Kuirudisha unahitaji asilimia 20 mahali fulani.

Sasa piga hesabu. Matajiri kumi wanaotoa dola 1,000 kila mmoja, ambacho ndicho kilikuwa kikomo cha kisheria wakati ule, wanaleta 10,000 na serikali inaongeza 2,500: jumla 12,500. Wastaafu mia nne wanaotoa dola 25 wanaleta 10,000 ile ile, na serikali inaongeza 10,000: jumla 20,000. Mfumo huu ulimpendelea mtu mwenye orodha ndefu ya watu wadogo wanaomwamini, na mchambuzi aliyeandikiwa barua na wasomaji kwa miaka kumi anayo orodha hiyo. Dada yake, Angela Buchanan, maarufu kama Bay, aliyewahi kuwa Mweka Hazina wa Marekani chini ya Reagan, ndiye aliyeendesha kampeni zake na kuuelewa mtambo huu vizuri. Bila yeye hakuna 1996.

Mwaka 1996 alishinda New Hampshire. Kwa nini basi Seneta Bob Dole ndiye aliyepata tiketi?

Alianza vyema kuliko mwasi yeyote wa chama hicho kwa muda mrefu. Januari alishinda kura ya majaribio Alaska. Tarehe 6 Februari akamshinda Seneta Phil Gramm katika mikutano ya wanachama ya Louisiana, jimbo jirani la Texas ya Gramm, na kumvunja kabisa. Tarehe 12 Februari, Iowa, Dole alipata asilimia 26 na Buchanan 23. Tarehe 20 Februari, New Hampshire, Buchanan 27, Dole 26, Lamar Alexander 23. Tofauti ya wawili wa kwanza ilikuwa kama kura elfu mbili.

Tazama namba hizo kwa makini. Buchanan alishinda kwa asilimia 27. Mwaka 1992, katika jimbo hilo hilo, alishindwa kwa asilimia 37. Hakuwa ameongeza wafuasi. Wapinzani wake ndio waliokuwa wamegawanyika. Ushindi wa namna hii unadumu mradi wagombea wa upande wa pili wabaki wengi, na chama kilijua hivyo. Mara baada ya New Hampshire, magavana, maseneta na wafadhili walianza kujipanga nyuma ya Dole.

Arizona, tarehe 27 Februari, ilikuwa njia panda. Jimbo lilitoa wajumbe wote kwa mshindi mmoja. Steve Forbes, aliyekuwa akitumia mamilioni yake mwenyewe kwa matangazo, alipata 33, Dole 30, Buchanan 27. Asilimia ile ile 27 iliyompa taji New Hampshire ilimpa mjumbe sifuri Arizona. Tarehe 2 Machi ikaja South Carolina, ambako Buchanan alitegemea wafanyakazi wa viwanda vya nguo na Wakristo wahafidhina, akiwa na msaada wa mwenye viwanda Roger Milliken. Dole, akiwa na mtandao wa magavana wa jimbo, alimshinda 45 kwa 29.

Baada ya hapo kalenda ilikwenda mbio. Michujo ilikuwa imebanwa ndani ya wiki chache za Machi, na mgombea asiye na fedha za matangazo hawezi kuwa majimbo kumi siku moja. Alishinda mikutano ya Missouri tarehe 9 Machi. Mwisho wa mwezi Dole alikuwa na wajumbe wa kutosha. Buchanan alimaliza na kura kama milioni 3.1, asilimia 21.

Kulikuwa pia na majeraha ya kujitakia. Siku chache kabla ya New Hampshire, mwenyekiti mwenza wa kampeni, Larry Pratt, alilazimika kukaa pembeni baada ya kufichuliwa kwamba alishiriki mikutano iliyohudhuriwa na wabaguzi wa rangi. Kampeni ndogo haina watu wa kuchunguza nani anapewa cheo, na gharama yake hujitokeza wakati mbaya kuliko wote.

Tuhuma za ubaguzi dhidi yake zilikuwa za haki?

Hazikutoka kwa wapinzani wa kushoto peke yao, na hilo ndilo la kushika. Mwaka 1990 alipopinga vita ya Ghuba, alitumia maneno kuhusu Israeli na watetezi wake Marekani yaliyowafanya wengi waone chuki dhidi ya Wayahudi. William F. Buckley, baba wa uhafidhina wa Kimarekani wa wakati ule, aliandika mwishoni mwa 1991 kwamba hawezi kumtetea rafiki yake dhidi ya tuhuma hiyo. Buchanan aliikana siku zote. Kwa maoni yetu rekodi yake inajieleza: alichagua maneno kwa ustadi wa mtu anayejua uzito wake, na aliyachagua mara nyingi mno kuitwa bahati mbaya. Anayesoma historia ya kampeni hizi bila sura hii anasoma nusu.

Kwa nini alihamia chama cha Reform?

Mwezi Machi 1999 alianza tena ndani ya Republican, akakuta George W. Bush ameshakusanya fedha na magavana. Katika kitabu chake cha mwaka huo aliandika kuhusu Vita vya Pili vya Dunia kwa namna iliyowakera hata Warepublican waliokuwa wamemvumilia. Tarehe 25 Oktoba 1999 akahama.

Kilichomvuta Reform ni hundi. Sheria inasema chama kilichopata asilimia 5 au zaidi katika uchaguzi wa urais kinapewa ruzuku katika uchaguzi unaofuata. Kiasi hupatikana kwa kuchukua kura za chama kidogo, kuzigawa kwa wastani wa kura za vyama viwili vikubwa, kisha kuzidisha kwa ruzuku ya chama kikubwa. Mwaka 1996 Perot, mwanzilishi wa Reform, alipata asilimia 8.4. Clinton alikuwa na 49.2 na Dole 40.7, wastani kama 45. Gawanya 8.4 kwa 45, unapata 0.187. Ruzuku ya chama kikubwa mwaka 2000 ilikuwa dola milioni 67.56. Zidisha: milioni 12.6. Hicho ndicho kiasi alichopewa.

Fedha ilikuwepo. Kampeni ya 2000 ilikwama wapi?

Chama kilikuwa na ruzuku lakini hakikuwa na nyumba. Gavana Jesse Ventura wa Minnesota alijitoa kwenye chama Februari 2000, na Donald Trump, aliyekuwa akijipima kwa tiketi hiyo hiyo huku akimshambulia Buchanan, akajitoa mwezi huo huo. Wazee wa chama, waliokuja kwa ajili ya nidhamu ya bajeti na mageuzi ya siasa, waliwaona wafuasi wa Buchanan kama wavamizi waliokuja na ajenda ya utoaji mimba na uhamiaji.

Mpasuko ukawa wa wazi Long Beach, California, mwezi Agosti. Upande wa Buchanan ulikutana ukumbi mmoja, upande wa mpinzani wake John Hagelin ukumbi mwingine, kila mmoja ukimtangaza mtu wake. Mgogoro ulikuwa juu ya kura za posta: upande wa Hagelin ulidai orodha ya Buchanan ya watu wa kutumiwa karatasi ilijaa wasio wanachama. Ilibidi Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho iamue, na katikati ya Septemba ikampa Buchanan fedha.

Hesabu ya muda: wiki saba mpaka siku ya kura. Wakati fedha zikisubiri uamuzi, wanasheria walikuwa mahakamani wakibishania jina la chama kwenye karatasi, jimbo moja baada ya jingine. Alipata nafasi katika majimbo 49, akakosa Michigan. Yeye mwenyewe alikuwa hospitali kwa upasuaji wa mfuko wa nyongo. Midahalo ilikuwa imefungwa tangu Januari, waandaaji walipoweka sharti la asilimia 15 kwenye kura za maoni ya umma, naye alikuwa karibu na moja. Fedha iliishia kwenye matangazo, likiwamo moja la mtu aliyepaliwa na chakula anayepiga simu ya dharura na kuambiwa kwanza achague lugha.

Mgombea mwenza, Ezola Foster, mwalimu mstaafu mweusi wa Los Angeles, alikuwa mhafidhina wa dhati, lakini hakuleta jimbo wala kundi la wapigakura. Matokeo: kura 448,895, asilimia 0.43. Chini ya asilimia 5 maana yake ni moja tu: Reform haikuwa na ruzuku mwaka 2004.

Karatasi ya kipepeo ya Palm Beach ilifanyaje kazi?

Mwaka 2000 wagombea urais Florida walikuwa kumi. Ili herufi ziwe kubwa kwa ajili ya wazee, kaunti ya Palm Beach iliyapanga majina kurasa mbili zinazotazamana kama mabawa, na safu moja ya matundu katikati. Mpigakura alitoboa tundu kwa kijiti.

Ukurasa wa kushoto ulikuwa na George W. Bush juu, Al Gore wa Democratic chini yake. Ukurasa wa kulia ulianza na Buchanan. Kwa kuwa matundu yalitumika na kurasa zote mbili kwa kupokezana, tundu la kwanza lilikuwa la Bush, la pili la Buchanan, la tatu la Gore. Aliyesoma kushoto tu, akaona Gore ni jina la pili, akatoboa tundu la pili, alimpa Buchanan. Aliyegundua kosa akatoboa na la tatu aliharibu kura. Kura zaidi ya 19,000 za urais ziliharibika katika kaunti hiyo kwa kutobolewa zaidi ya mara moja.

Buchanan alipata 3,407 Palm Beach, karibu moja ya tano ya kura zake zote 17,484 za Florida, katika kaunti yenye wastaafu wengi wa Kiyahudi wanaopigia Democratic. Ushahidi mzuri zaidi ni kura za posta za kaunti hiyo hiyo: hizo hazikutumia kipepeo, na humo sehemu ya Buchanan ilikuwa ndogo sana. Yeye mwenyewe alikiri kwenye televisheni siku hizo kwamba nyingi hazikuonekana kuwa zake. Bush alishinda Florida, na pamoja nayo urais, kwa kura 537.

Alan Keyes naye si mchambuzi aliyegombea mara nyingi?

Ndiye, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki jina lake lina uzito wa pekee. Keyes, mwanadiplomasia wa enzi ya Reagan kisha mtangazaji, aligombea Seneti kwa Maryland 1988 na 1992, urais 1996, 2000 na 2008. Mwaka 2004 mgombea wa Republican wa Seneti Illinois alipojitoa, chama kilimwita Keyes kutoka Maryland mwezi Agosti akabiliane na Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya. Keyes alikuwa amemlaumu Hillary Clinton kwa kuhamia New York ili agombee, na sasa naye alipanga nyumba Illinois kwa sababu ile ile. Obama alipata asilimia 70, Keyes 27. Tofauti yake na Buchanan ni ya mtambo: Keyes alikuwa msemaji hodari asiye na Bay.

Mfumo huo wa ruzuku bado upo? Naishi Marekani, unanihusu?

Upo kwenye sheria, umekauka kwenye matumizi. George W. Bush aliukataa katika mchujo wa 2000 ili asibanwe na kikomo, Obama akaikataa ruzuku ya uchaguzi mkuu 2008, na John McCain mwaka huo ndiye mgombea wa mwisho wa chama kikubwa kuipokea. Kisanduku cha dola 3 kwenye fomu ya kodi ya mapato ndicho kinachoujaza mfuko. Kukitia alama hakuongezi kodi yako wala hakupunguzi unachorudishiwa.

Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuchangia kampeni lakini haruhusiwi kupiga kura ya shirikisho. Mwenye viza ya masomo au ya kazi haruhusiwi hata kuchangia. Asiye raia akijiandikisha kupiga kura, hata kwa kutiwa fomu mkononi kwenye ofisi ya leseni za udereva, anaweza kuharibu kabisa ombi lake la uraia, kwa hiyo soma kisanduku cha uraia kabla ya kutia saini. Kwa raia wapya: majimbo kadhaa hufunga mchujo kwa wanachama waliojiandikisha, na tarehe ya kubadilisha chama inaweza kuwa miezi kabla ya kura.

Nikilinganisha matokeo ya kampeni zake tatu, nijihadhari na nini?

Usiziweke kwenye kapu moja. Milioni 2.9 na milioni 3.1 ni kura za mchujo, kutoka kwa Warepublican na wasio na chama waliojitokeza Februari hadi Juni. Zile 448,895 ni za uchaguzi mkuu, ambamo watu zaidi ya milioni 100 walipiga kura. Anayesema Buchanan alipoteza asilimia 85 ya wafuasi wake kati ya 1996 na 2000 amelinganisha embe na nazi. Wengi wa waliompigia kwenye mchujo wa 1996 walimpigia Dole mwezi Novemba, na mwaka 2000 wakampigia Bush. Swali linalofaa kwa 1992 na 1996 ni asilimia kwa kila jimbo dhidi ya idadi ya wagombea waliobaki siku hiyo. Kwa 2000, ni umbali kati ya 0.43 na 5.